Turufu ishirini na mbili: jinsi ya kuipima taroti isiyofuata mkondo

Keti barazani na watu wanaocheza karata, na kabla chai haijapoa utakuwa umesikia majina manne: kopa, uru, pau, shupaza. Yote ni ya Kireno. Copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni magongo, espadas ni panga. Sasa itazame karata uliyoshika. Kopa ina moyo, kikombe hakipo. Uru ni umbo jekundu la pembe nne, dhahabu hakuna. Michoro ilibadilika zamani sana, majina yakabaki ulimini, nasi tunayataja kila jioni bila kujua kwamba tunahesabu vikombe na panga. Hata turufu, ile karata inayokula nyingine zote, ni trunfo ya Kireno, ndugu yake trionfi ya Kiitaliano.

Nimeanzia barazani makusudi, maana mtu akisikia neno taroti mawazo yake hukimbilia chumba chenye giza na mishumaa. Kumbe taroti ni jozi ya karata ambayo vile vikombe, dhahabu, magongo na panga bado vimechorwa waziwazi. Ina karata 78. Hamsini na sita kati yake mchezaji yeyote atazielewa: mafungu manne, kila moja lina namba kuanzia ree hadi kumi, kisha watu wanne wa ikulu, yaani mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana wa kutumwa. Zilizobaki 22 ni za picha: Mjinga, Mwanamazingaombwe, Gurudumu la Bahati, Mauti, Mnara, Jua na wenzao. Hizo ndizo trionfi. Hizo ndizo turufu za kwanza kabisa.

Siku hizi zinatengenezwa jozi mpya kila kukicha. Kuna za paka watupu, kuna zisizo na mtu hata mmoja, kuna za duara, kuna zilizobadili majina ya nusu ya karata. Marafiki zangu wanaojua kwamba ninapenda michoro hunitumia picha na swali lile lile: hii ni nzuri, au ni ubabaishaji? Jibu la haraka huwa ni kuilinganisha na taroti iliyozoeleka. Ikifanana sana inaitwa nakala, ikitofautiana sana inaitwa upotoshaji. Kipimo hicho hakifai, na njia nzuri ya kuona kwa nini hakifai ni kuichukua jozi moja ngumu kuliko zote na kuipima taratibu. Nimechagua taroti ya Thoth, iliyotungwa na Aleister Crowley na kuchorwa na Frieda Harris.

Lakini kwanza, "isiyo ya kawaida" ukilinganisha na ipi?

Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, kwenye nyumba za watawala wa miji kama Milan na Ferrara. Ilikuwa mchezo. Jozi maarufu iliyosalia ya zama hizo, ya ukoo wa Visconti na Sforza, ilichorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu, na karata zake 74 zilizobaki leo zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Kwa zaidi ya miaka mia tatu watu walizichanga, wakazikata, wakagawana, wakalana. Mwanafalsafa wa Oxford, Michael Dummett, ambaye alikuwa pia mwanazuoni wa historia ya karata, alionyesha mwaka 1980 kwa ushahidi mrefu kwamba mambo ya kuagulia yaliingia baadaye sana. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kwamba karata hizi ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale, kitabu cha mungu wao wa maandishi, Thoth. Wakati ule hakuna Mzungu aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Msomi wa Kifaransa, Champollion, aliyafumbua mwaka 1822. Yaliposomwa, hakuna taroti iliyoonekana ndani yake. Dhana ilikuwa imekwisha kutembea lakini, na haikurudi nyumbani.

Kwa hiyo jozi tunayoitaja kwa jina la Thoth imebeba kosa la historia usoni pake. Msomaji mwepesi wa kukasirika angeitupa hapo hapo. Mimi nasema tusubiri. Madai ya mtu kuhusu asili ya karata yake ni jambo moja, na kazi ya karata yenyewe ni jambo jingine. Fundi anaweza kukudanganya kuhusu mti aliotumia na bado mlango ukafunga vizuri.

Ile taroti ambayo watu wengi leo huiona ndiyo ya kawaida ilitoka London mwaka 1909. Mwenye wazo alikuwa Arthur Edward Waite, mchapishaji William Rider, na mchoraji mwanamke aliyeitwa Pamela Colman Smith. Jina la Smith lilikosekana kwenye boksi kwa miaka mingi, na hilo ni jambo la kuudhi, kwa sababu yeye ndiye aliyefanya kilichoifanya jozi hii idumu. Kabla yake, karata za namba zilikuwa kama zetu: panga sita ni panga sita, basi. Smith akachora kisa katika kila moja. Panga sita zikawa zimesimikwa ndani ya mtumbwi. Mvushaji anasukuma kwa upondo, mbele yake mama aliyejitanda na mtoto, maji upande mmoja yana mawimbi na upande mwingine yametulia. Huhitaji kitabu. Unajua watu hawa wanaondoka mahali.

Smith aliishi Jamaika sehemu ya utoto wake, na mwaka 1899 alichapisha hadithi za huko za Anansi, yule buibui mjanja aliyevuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi, ambaye kwa tabia na Sungura wetu ni ndugu wa tumbo moja. Alikuwa akizisimulia kwa sauti mbele ya watu mjini London. Mtu wa hadithi akipewa karata 78, atazigeuza kuwa hadithi 78. Alizimaliza katika miezi michache ya mwaka 1909, na katika barua aliyomwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz alilalamika kwamba amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana.

Sasa fikiria mchezaji wa mwaka 1908 aliyezoea taroti ya Marseille, yenye namba tupu na mistari minene, akiletewa jozi ya Smith. Angesema nini? Angesema ni uhuni. Hata Smith hakuwa wa kwanza kuchora visa: jozi ya Kiitaliano ya Sola Busca, ya mwishoni mwa karne ya 15, ilikwisha kufanya hivyo, na picha zake zilifika British Museum mwaka 1907, miaka miwili kabla yake. Karata ya panga tatu ya Smith, moyo uliochomwa na panga tatu, inamrudisha mtazamaji moja kwa moja kwenye jozi ile. Kila tunachokiita kawaida kilikuwa kituko cha mtu fulani.

Thoth nayo ilitoka kwenye chungu kile kile. Waite, Smith na Aleister Crowley wote walipitia chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888. Chama hicho kilikuwa na ramani moja kubwa iliyounganisha karata na herufi 22 za Kiebrania, Mti wa Uzima wa Kabbala, elimu ya siri ya Kiyahudi, wenye vituo kumi, na nyota za falaki. Crowley alikuwa mtu wa vurugu, mpenda sifa na mwenye dini yake mwenyewe, sitamtetea. Mwaka 1938 alianza kazi na Frieda Harris, mchoraji, mke wa mbunge wa chama cha Liberal. Walidhani ni jambo dogo. Ilichukua hadi mwaka 1943, na Crowley mwenyewe aliandika kwamba karata nyingine Harris alizirudia hata mara nane. Kitabu kilitoka 1944, nakala 200 tu. Crowley akafa 1947. Harris akafa 1962 huko Srinagar. Karata zenyewe zilichapishwa 1969, wenyewe wote wawili wakiwa kaburini. Michoro ya awali ya rangi za maji imehifadhiwa katika taasisi ya Warburg mjini London.

Twende kwenye kuipima.

Jambo la kwanza la kufanya na jozi ngeni ni la kijinga kabisa: ihesabu. Kama haina muundo wa 22 na 56, hiyo si taroti. Inaweza kuwa Lenormand, ambayo ina karata 36 na kanuni zake, au karata za ujumbe tu ambazo mtungaji amezipa idadi aipendayo. Si dhambi, ila usiipime kwa mizani isiyo yake. Kwa Thoth kuhesabu kuna kichekesho chake, kwa sababu matoleo kadhaa yana Mwanamazingaombwe watatu. Harris alichora zaidi ya mmoja na wachapishaji wakawatia wote. Ukipata 80 usidhani umepewa za ziada kwa bahati. Chagua mmoja, wawili waweke kando.

Baada ya kuhesabu, mtafute Haki. Namba yake ni kama cheti cha kuzaliwa. Katika taroti za zamani Haki ni ya 8 na Nguvu ni ya 11. Waite akazibadilisha: Nguvu ikawa 8, Haki ikawa 11, na maelezo aliyoyatoa ni kwamba ana sababu zinazomtosha mwenyewe. Sababu tunazijua kutokana na ramani ya Golden Dawn. Nguvu, yenye picha ya mwanamke na simba, imefungwa kwa nyota ya Simba. Haki, yenye mizani, kwa nyota ya Mizani. Mtu yeyote aliyekuwa akisoma ukurasa wa nyota wa Sheikh Yahya Hussein gazetini anajua mpangilio: Simba, Mashuke, Mizani. Simba hutangulia. Katika mpangilio wa zamani wa karata, Mizani ilikuwa imemtangulia Simba, na Waite hakuweza kuvumilia. Akahamisha namba ili karata zifuate mbingu.

Crowley alilikuta tatizo hilo hilo na akalitatua kinyume. Namba za kale akaziacha mahali pake, 8 na 11, ila herufi za Kiebrania zilizo nyuma yake ndizo zikabadilishana. Kisha, kwa kuwa alitaka badiliko hilo liwe na mwenzake upande wa pili wa duara la nyota, akabadilisha pia herufi za Mtawala na Nyota. Unaweza kuona ni upuuzi mtupu. Lakini angalia aina ya upuuzi: una kanuni. Akigusa hapa, anajua kwamba pale nako patatikisika, na anakwenda kupashikilia. Hicho ndicho ninachokitafuta katika jozi isiyofuata mkondo, kuliko uzuri wa rangi, kuliko umaarufu wa mchoraji. Badiliko lina mantiki ambayo mimi mgeni naweza kuishika na kuitumia kwenye karata ambayo sijawahi kuelezwa? Au mtungaji alichoka na jina fulani akaweka jingine?

Hata ramli inasimama hivyo. Mpiga ramli ana maumbo 16 tu, yanayotokana na mistari minne ya nukta, moja au mbili kila mstari. Kutoka kwa Waarabu hadi Wamadagaska na sikidy yao, maumbo ni yale yale. Mtu anaweza kuamini au asiamini, lakini hawezi kusema kwamba mpiga ramli anabuni umbo la kumi na saba akikosa jibu.

Katika turufu 22 za Thoth kuna mabadiliko mazuri na mengine yananikwaza. Lililo zuri kuliko yote ni karata ya 14. Zamani iliitwa Kiasi: malaika akimimina kimiminika kutoka chombo kimoja hadi kingine, picha tulivu inayokumbusha nasaha za watu wazima. Crowley akaiita Sanaa, kwa maana ya ustadi wa kuchanganya. Harris akachora mtu mwenye nyuso mbili, mikono ikimimina moto na maji ndani ya chungu kimoja. Wazo la zamani limebaki, kuchanganya vitu viwili, ila sasa unaona kwamba kuchanganya ni kazi, kuna jiko, kuna hatari ya kuungua. Badiliko limeongeza kitu bila kuondoa.

Karata ya 20 ni habari nyingine. Zamani ni Hukumu: tarumbeta inalia, wafu wanatoka makaburini. Mtoto aliyekulia madrasa au shule ya Jumapili haitaji maelezo, parapanda anaijua. Crowley aliifuta na kuweka Enzi, kwa sababu aliamini kwamba mwaka 1904 akiwa Cairo alipewa ufunuo na zama mpya zikaanza. Katika picha kuna mungu mke wa usiku aliyejikunja kama upinde na mtoto mwenye kidole mdomoni. Rangi zinapendeza. Lakini karata hii haisomeki bila kuingia kwenye dini ya mtu mmoja. Usipoikubali, unabaki na tundu mahali palipokuwa na moja ya picha zinazoeleweka na watu wengi kuliko zote. Jozi nyingi mpya za leo zina karata ya namna hii, ambapo mtungaji ameandika imani yake binafsi akasahau kwamba msomaji hayumo kichwani mwake. Ukiipata moja, vumilia. Ukizipata kumi, rudisha dukani.

Watu wengi huishia hapa, kwenye turufu. Ni kosa. Turufu kila mtu huzichora kwa bidii, ndizo zinazowekwa kwenye tangazo. Uchovu wa mtungaji huonekana kwenye zile 40 za namba. Zipange kwa fungu, ree hadi kumi, mezani kwa mstari mmoja, na uangalie kama kuna safari. Jozi dhaifu itakuonyesha vikombe vinne, vikombe vitano, vikombe sita, na huwezi kusema kwa nini hiki kinafuata kile.

Thoth haina visa. Hakuna mtumbwi wala mama na mtoto. Panga sita za Harris zimeelekezana ncha katikati, mahali penye msalaba wa waridi, na nyuma yake kuna mistari inayokatizana kama karatasi ya mchora ramani. Harris alisomea tawi la jiometri linaloshughulikia namna umbo linavyobadilika likitupwa kutoka pembe moja hadi nyingine, somo lililopendwa na wafuasi wa Rudolf Steiner, na karata zake zote zina msukosuko huo, kana kwamba nafasi yenyewe inajikunja. Chini ya karata pameandikwa neno moja: Sayansi. Kuna pia alama za falaki, Utaridi katika Ndoo.

Alama hizo si mapambo. Karata za namba mbili hadi kumi, mara mafungu manne, ni 36. Duara la nyota lina nyuzi 360. Kila karata inashika nyuzi kumi. Utaridi ni sayari ya akili na maneno, Ndoo ni nyota ya hewa, panga ni fungu la fikra, na kituo cha sita katika Mti wa Uzima ni cha katikati, pa mizani. Jumlisha: akili iliyopata mahali pake. Sayansi. Jaribu tena na vikombe nane: Zohali nzito ndani ya Samaki, maji yasiyosonga. Harris amechora vidimbwi vya maji machafu na vikombe vilivyovunjika, na jina ni Uvivu. Sasa kumbuka Smith alichora nini kwenye karata hiyo hiyo: mtu anavipa mgongo vikombe vyake na kuondoka usiku chini ya mwezi. Mmoja anaona maji yaliyovunda, mwingine anamwona mtu aliyechoka na maji yaliyovunda akaamua kwenda. Ni mzizi mmoja. Ndiyo maana nasema tofauti ya sura si hoja. Uliza kama mzizi upo.

Hayo maneno yaliyochapwa chini ya karata yananipa shida ambayo mwanamke yeyote wa pwani angeielewa kabla sijamaliza sentensi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji unaweza kuwa na mkorosho, maua, jogoo, chochote. Ukishaandikwa jina, kanga imekwisha kusema, na jirani aliyekusudiwa amekwisha kusikia. Karata za namba za Smith ni kanga isiyo na jina: kila mtu anasoma mji kwa macho yake. Za Crowley zina jina, na jina linabana. Ukitoa panga kumi ukasoma Uharibifu, umekwisha. Ukitoa sarafu tano, yaani lile fungu la dhahabu, ukasoma Wasiwasi, unaanza kuwa na wasiwasi. Kwa Smith panga kumi ni mtu amelala kifudifudi mgongo umejaa panga, jambo baya kweli, ila nyuma yake maji yametulia na kwenye upeo kuna mwanga wa njano, na mtu mwenye jicho zuri ataugusa huo mwanga aulize, je, kunapambazuka? Neno Uharibifu haliachi mwanya wa swali hilo. Nimewahi kufunika majina kwa kidole na kuangalia mchoro tu. Thoth inakuwa jozi bora zaidi. Ijaribuni hivyo.

Niseme waziwazi: mimi siamini kwamba karata inajua kesho, na nyumbani kwetu karata za kuchezea zilivumiliwa tu, za kuagulia zilikuwa haramu bila mjadala. Ninachokiona kwenye taroti nzuri ni kile ninachokiona kwenye fumbo au kitendawili: picha inayokulazimisha kusema jambo ambalo ungelizunguka. Mtu anaweza kuipima jozi kwa jicho hilo bila kuiomba utabiri wowote. Na anayeamini naye atahitaji vipimo hivi hivi, kwa sababu mwaguzi aliyeshika karata zisizo na mpango atababaika tu.

Umbo nalo lisemewe kidogo. Huko California mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake wawili, Vicki Noble na Karen Vogel, walibuni taroti ya duara, Motherpeace. Wengi walicheka, lakini hebu ichange: karata ya duara haina juu na chini mbili tu, inaweza kulala upande, robo, nusu. Wasomaji waliozoea kusema karata imesimama au imepinduka walilazimika kufikiria kiasi cha kupinduka. Hilo ni badiliko lenye kazi, ingawa kuzichanga mikononi ni adhabu. Thoth ina adhabu yake pia katika matoleo makubwa. Karata ni pana, vidole vyangu havifiki.

Kuna jaribio moja ambalo sijaona watu wakilifanya, na nadhani ndilo la haki kuliko yote: cheza nayo. Hizi ni karata. Ufaransa hadi leo watu hucheza taroti ya karata 78 kama sisi tunavyocheza zetu, bila ubani wala mshumaa. Jozi ambayo mchezaji hawezi kutofautisha fungu na namba kwa kupepesa jicho ina kasoro ya uchoraji, hata kama falsafa yake ni nzito kama jiwe la kusagia.

Basi nilimpelekea mjomba wangu. Anacheza karata tangu kabla sijazaliwa, na taroti hajawahi kuisikia. Nikamwamkia, nikamwekea Thoth mkekani, nikamwomba azitenge kwa mafungu. Magongo, vikombe, panga na sarafu alizitenga upesi kuliko nilivyotarajia, akiguna tu kwamba mchoraji huyu alikuwa na homa. Nilipomweleza kwamba magongo ndiyo pau na vikombe ndiyo kopa alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe siku zote tunakunywa bila kujua."

Kwenye watu wa ikulu akakwama, na mimi nilijua angekwama. Thoth haina mfalme. Ina mpanda farasi, malkia, mwana wa mfalme na binti wa mfalme, na mpanda farasi ndiye mkubwa wa wote. Yeye ndiye aliyeshika nafasi ambayo kwingine ni ya mfalme, akiwa juu ya farasi wake badala ya kitini. Mjomba akamweka mwana wa mfalme juu, mpanda farasi chini yake. Kila mtu angefanya hivyo. Watu wanaotoka kwenye jozi ya Smith kuja Thoth huchanganyikiwa hapa hapa, wanasoma maana ya mtu mmoja kwenye uso wa mwingine, na kitabu cha Crowley hakiwasaidii sana kwani kinadhani umekwisha kujua. Nikaandika kwenye daftari langu: kanuni ipo, alama ya kumwongoza mgeni haipo.

Turufu akazipanga kwa namba zake za Kirumi, zikamtosheleza. Akabaki na moja mkononi: Mjinga, mwenye sifuri. Akaigeuza huku na huku, mtu wa kijani amepasua miguu angani, chui-milia anamng'ata paja.

"Huyu anakula nani?" akauliza.

Nikamwambia kwamba katika mchezo wa asili Mjinga kwa kawaida hali wala haliwi. Ukibanwa, unamwonyesha tu, unapitisha zamu yako, unamrudisha kwako.

Mjomba akaziokota zote, akaanza kuzichanga kwa shida, karata pana zikimponyoka. "Basi gawa," akasema, "na huyo usimpe mtu mwingine."